Mhakiki Kasema ni Kweli

Jumanne, 8 Machi 1994
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Mvua tangu asubuhi. Basi la Mbeya limeleta magazeti ya wiki iliyopita, na kwenye moja wameihakiki riwaya yangu! Nimesoma palepale stendi, nimesimama. Mhakiki wa Dar ananisifu. Eti sijabuni kitu, nimeandika niliyoyaona, na kila aliyefika Sumbawanga anajua bibi anayefuga radi ndani ya chungu yupo kweli. Yupo wapi? Nilimtunga mwenyewe, miaka mitatu, nafuta naandika upya. Mtu ananisifu huku ananinyang'anya kazi yangu!

Alhamisi, 10 Machi
Gazeti limesomwa kwa sauti dukani kwa Mzee Salum. Kitabu chenyewe hakuna aliyekisoma. Walimu wenzangu wananiuliza huyo bibi ni nani. Nimejibu hayupo. Wanatazamana, wanacheka. Wameshampata: shangazi yangu aliyenilea, kule Izia. Mjane, anaishi peke yake. Kwao inatosha kumwita mchawi.

Jumamosi, 12 Machi
Shangazi alipika pombe ya ulezi, aite watu wamlimie matuta. Majani lazima yafukiwe ndani ya matuta yawe mbolea, udongo ungali laini. Mvua ikikatika, maharage hana. Kila mwaka wanajaa, wanalima, wanakunywa, wanaimba mpaka kero. Leo hakuja mtu. Mama Kulwa, jirani yake Msukuma, kapita na ng'ombe wake, macho chini. Shangazi kauliza amewakosea nini. Nikamweleza habari ya gazeti. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili, 13 Machi
Baada ya misa nimewasomea watu sura ya kwanza, pale nje, kwa sauti. Ile ambayo radi inagoma kutoka chunguni kwa sababu ya baridi. Nilitaka wacheke, waone ni mambo ya kutunga. Wawili walicheka. Wa tatu akauliza, "Mwalimu, haya yote umeyajuaje?" Jamani! Nikafunga kitabu, nikaondoka.

Jumatatu, 14 Machi
Baada ya shule nimelima na shangazi, sisi wawili tu. Matuta machache, mgongo hoi. Pombe imechacha, ameimwaga. Jioni akataka nimsomee na yeye. Nimesoma mpaka koo limekauka. Kwenye baridi ya radi alicheka sana. Nilipomaliza akasema, "Ukiandika kitabu kingine, huyo bibi mpe majirani wa kumlimia."
Nimesema sawa. Kesho tunaendelea kulima.