Kitambaa Nilichobaki Nacho Mfukoni

Kaloleni, Kisumu

Mdogo wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku ziwani. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya Wundanyi mmeipokeaje mwaka huu? Mimi ni mzima, ila wiki inaweza kupita bila kusikia neno la lugha yetu. Kidholuo nakisema vizuri siku hizi, lakini nikijigonga kidole bado nalalamika kwa Kidawida, na hakuna wa kunipa pole.

Nikueleze yaliyonipata kazini. Kile kivuko nilichokuwa fundi wake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi kina matundu mawili ya kuvuta maji ya kupoza injini, moja kila upande. Magugu maji yakijaa upande mmoja, tunafunga valvu ya upande huo na kuvuta kwa mwingine. Anayefunga huning'iniza kitambaa chekundu kwenye valvu, ili wa zamu inayofuata ajue.

Zamani kila Ijumaa tulikaa pamoja na chai, nahodha hadi mfagiaji, kila mmoja akataja alipokosea wiki hiyo. Desturi ya kitambaa ilizaliwa hapo. Hakuna aliyeadhibiwa, na vyombo vyetu vilikuwa majini, si karakanani. Kisha akaja meneja mpya. "Kampuni si kanisa, hatuungami hapa," alisema, akaleta barua za onyo. Tukajifunza kunyamaza. Mwaka haukuisha kabla wenye mizigo hawajahamia malori, maana kila mara chombo kimoja kilikuwa kibovu na hakuna aliyesema kwa nini.

Mwezi uliopita, tukiwa Asembo Bay, nilifunga valvu ya kushoto. Kitambaa nilikuwa nacho mfukoni. Mtu akaniita, nikaenda, nikasahau. Achieng, fundi aliyepokea zamu yangu, hakuona kitambaa. Alipokuta magugu upande wa kulia, akafunga na ya kulia. Katikati ya ziwa injini ikachemka, ikazimika. Abiria walielea nusu siku, akina mama wakisali kwa sauti. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Meneja alimsimamisha Achieng kazi. Mimi nilinyamaza siku tatu, Wakesho. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu kwa heshima. Siku ya nne walikaa kumfukuza, sote tukiwepo. Nikasimama, nikasema ni mimi.

"Mzee, unajua hii barua sasa itakuwa yako?" meneja akauliza.

"Andika."

Achieng hakunishukuru. "Siku tatu, Mzee! Mama yangu anaulizwa sokoni Kibuye kama ni mimi nilitaka kuzamisha watu, na wewe unakunywa chai tu!"

Kisha nahodha akakohoa. Akasema aliona kipimo cha joto kikipanda, akadhani ni kibovu, maana kiliwahi kudanganya na hakuna aliyeripoti. Mtu wa tatu akaongeza lake. Meneja akaweka kalamu chini, akasikiliza.

Achieng amerudi kazini, na kikao cha Ijumaa kimerudi. Mimi simo. Walinistaafisha siku ileile. Juzi Achieng alikuja hapa na daftari.

"Ingia, mama."

"Siingii. Sijakusamehe. Nimekuja kuuliza mambo ya pampu."

Akauliza akiwa amesimama mlangoni, akaandika, akaenda. Hakuna mwingine aliyebisha hodi tangu hapo.

Nisalimie shemeji, mumeo. Na binti yako mwalimu pia. Na shangazi, mwambie bado namkumbuka katika sala.

Haya yanayofuata ni yako peke yako. Mama alipozikwa nilikuandikia kwamba zamu ilinizuia. Haikunizuia. Ruhusa nilipewa, nikafika hadi stendi na mfuko wangu. Nikaona aibu kusimama mbele yenu baada ya miaka mingi kiasi kile bila kuja nyumbani, nikageuka, nikarudi chumbani. Zamu yangu siku hiyo aliishika mtu mwingine.

Kaka yako,
Mwakio