Pasipoti ya Chiriku

Nyumba ya mlango wa kijani,
Mtaa wa Mafundi.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unaamka na kile kikohozi? Ulisema baridi ya huko inaingia hadi mifupani. Vaa vizuri, wala usione haya kuvaa soksi mbili mbili. Sisi hatujambo. Goti linanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini sare za shule hazisubiri goti, kwa hiyo tunakwenda hivyo hivyo. Binti yako ni mzima, anakula, anaongea. Kuongea ndiko zaidi. Tulipomwita Chiriku hatukukosea.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi na wewe tunaongea kwa pamoja, halafu inakatika, na kila mtu anabaki na alichosikia. Hili jambo la pasipoti ya mtoto limenichanganya hadi nimeona niliandike, labda nikiliona kwenye karatasi nitalielewa mwenyewe.

Mimi nilidhani ni kazi ndogo. Mtoto ni yule yule, pasipoti ya zamani ipo, si wanabadilisha tarehe tu? Nikamshika Chiriku mkono tukaenda. Mlinzi wa getini akaturudisha tukapige picha. Tulipoleta picha, dada wa dirisha la kwanza akasema picha si neno, kwanza cheti cha kuzaliwa na fotokopi yake. Dirisha la pili wakataka vitambulisho vya wazazi wote wawili. Nikaeleza kwamba mimi ni dada wa mama yake, na mtoto huyu nimemlea tangu anatambaa. Yule kaka akanitazama kwa huruma, akasema, "Sawa mama, nimekuelewa. Lakini wazazi wenyewe wako wapi?"

Hizo picha nazo ni kisa. Mpiga picha alitaka masikio yaonekane na mdomo ufungwe. Masikio tuliyapata, tulizibana nywele nyuma. Mdomo ndio ulikuwa kazi, maana ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mpiga picha akisema tayari, Chiriku ana swali la kumuuliza. Halafu pale dirishani wakafungua pasipoti ya zamani, ile uliyomkatia ukitegemea mtaondoka wote, kabla mwajiri wako hajakataa mtoto. Humo ana kipara, macho nusu yamefumba, na vidole vyako vinaonekana vimemshika kichwa. Yule dada akaitazama picha, akamtazama mtoto, akarudi kwenye picha. Hata mimi nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Sasa sikia ya shemeji yako. Unamjua na plastiki zake. Rimoti iko kwenye nailoni, na makochi bado yamevaa plastiki ya dukani, mgeni akikaa tu inalia kama kitu kinakaangwa. Kumbe na cheti cha kuzaliwa cha Chiriku alikipeleka kikavalishwa plastiki ngumu mbele na nyuma, kwa nia njema, kisichakae. Dada wa dirishani alikigonga kwa kucha akasema hawakipokei, kwa sababu hawawezi kuigusa karatasi yenyewe wala kuukagua muhuri. Shemeji yako alitaka kukibandua kwa wembe. Nilimnyang'anya huo wembe, akanuna hadi jioni.

Nikaenda ofisi ya vizazi kuomba cheti kingine. Wakasema kinatolewa kwa mzazi, na mimi si mzazi. Kisha mzee wa mafaili akauliza kama mtoto ana pasipoti ambayo haijaisha muda, ili wamtambue. Nikamwambia pasipoti ndiyo ninayoitafuta. Akasema basi, nikishaipata niilete. Nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu. Chiriku akaniuliza nacheka nini, nikamshika mkono tukaondoka.

Ikabidi nimpigie baba yake. Najua hupendi habari zake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Sikuyatumia hata moja. Lori alimwachia utingo wake, akaja na kitambulisho mkononi na shati lililopigwa pasi. Cheti kipya alikiomba yeye wakampa, na ridhaa yake akaisaini pale pale kwenye ofisi ya pasipoti. Alimwambia mtoto akasome kwa bidii huko kwa mama yake, kisha akaanza kujipapasa mifukoni kama aliyepoteza funguo, na funguo ameshika mkononi. Mtu niliyezoea kumsema vibaya, sasa sijui nimweke wapi.

Shika hili sasa, maana ndilo limenifanya nikuandikie. Kila kitu kimepokelewa isipokuwa barua yako ya ridhaa. Andika kwamba unakubali mtoto apewe pasipoti mpya na kwamba nafuatilia mimi kwa niaba yako. Ipeleke ubalozini wakaigonge muhuri, uambatanishe na fotokopi ya ukurasa wa pasipoti yako wenye picha. Itume barua yenyewe. Ya kupigwa picha kwenye simu niliwauliza, wakatikisa kichwa. Na tafadhali usiivalishe plastiki.

Usichelewe. Ulisema shule ya huko ikifunguliwa hajafika, nafasi yake atapewa mtoto mwingine, na hapo ni kungoja mwaka mzima tena. Umekaa bila mwanao vya kutosha.

Ningeishia hapo, lakini kuna moja limenishinda. Tulipotoka pale mara ya mwisho nilikuwa na furaha, nikamwambia Chiriku upande wetu umekwisha. Akasimama kwenye ngazi. "Mama mkubwa, na ya kwako tunaifuata lini?" Nikamuuliza ya kwangu ipi. "Pasipoti. Au wewe unaingia kwa yangu?"

Nilimwambia tutembee, jua kali. Kufika nyumbani nikatafuta viatu vyangu vya kutokea sikuviona. Nilivikuta kwenye lile begi lake la safari, analolifunga na kulifungua kila siku, mimi nikidhani anacheza. Alikuwa amevifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, kama baba mkubwa wake.

Hadi leo sijamjibu. Wa dirishani wote niliwajibu, hata walioniuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Huyu simuwezi. Nataka aje kwako, wewe ndiye mama yake na ni haki yake. Na nikiiwaza asubuhi atakayoondoka naumia, nasimamisha cherehani katikati ya mshono sijui nilikuwa nashona nini. Yote mawili ni kweli na sijui yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Kwa hiyo kwenye bahasha ya ridhaa nitilie na kikaratasi kingine, cha kunifundisha nimwambie nini mwanao.

Shemeji yako anakusalimu, anasema cheti cha zamani amekitundika ukutani maana hakiharibiki tena. Jirani wa saluni anakusalimu. Chiriku anakusalimu, na anauliza kama kitanda cha huko kinatosha watu wangapi.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na akukutanishe na mwanao salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote.

Tena: Vile viatu bado sijavitoa kwenye begi.