Nilihama Ijumaa, Wao Wakaja Jumamosi

Shangazi Tabby mpendwa,

Pole na kazi ya kusoma shida za watu kila wiki. Leo nakuletea yangu, na tafadhali jina langu usiliandike, na majina ya wenzangu uyabadilishe, maana nimewakosea watu ambao hawajanikosea hata siku moja, na kila nikishika simu niwapigie naiweka chini tena.

Nimeishi Karagita miaka tisa, chumba kimoja, mimi na msichana wangu, nikifanya kazi kwa shamba la maua. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo nikalala hospitali wiki tatu, na Shangazi, mtu aliyenibeba ni Rahab. Rahab ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, ana watoto wake wanne lakini alimchukua wangu akawa wa tano, akamsuka nywele, akamtafutia viatu vya shule, na nilipotoka hospitali nikapata nguo zangu zote zimefuliwa na kupigwa pasi, hadi kitambaa cha meza, na akina mama wakawa wanakuja kwa zamu kunipikia uji mpaka nikaweza kuinama tena. Hata nikiishi miaka mia siwezi kumaliza kuwashukuru.

Sasa mwezi uliopita nikapata kazi Rongai, hii yetu ya barabara ya kwenda Eldoret si ile ya Nairobi, kwa stoo ya mahindi, mshahara umezidi kidogo ule wa maua na sitasimama siku nzima, nikamshukuru Mungu nikaanza kupanga kuhama. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu kikundini mtu akihama hatumwachi aende peke yake. Tunamfungia vitu, tunampakilia, halafu na sisi tunapanda, tunaenda naye hadi nyumba mpya tukiimba, tunaombea kila kona, tunapanga vyombo, na aliyehama anatupikia. Ni jambo zuri sana, mimi mwenyewe nimeimba mpaka sauti ikaisha. Lakini mwenzetu Linah alipohamia Gilgil mwaka jana tulienda watu ishirini na sita, akapika pilau, akapika chapati, akanunua soda kreti mbili, na tukiwa tunaondoka akanivuta kando akaniambia pole pole kwamba chakula chake cha mwezi mzima kimeishia hapo. Siku hiyo nilicheka. Ilipofika zamu yangu sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimelipa dipositi ya nyumba na shule mpya inataka sweta ya rangi nyingine, nikaona nikilisha watu ishirini na sita mtoto wangu atakula nini.

Badala ya kusema hivyo, Shangazi, nilianza kukwepa mikutano ya kikundi ili nisiulizwe. Rahab akanipata kwa bomba la maji, akaniuliza, "Mama Namalwa, unahama lini tujipange?" Nikamwambia Jumamosi, bila hata kupepesa macho. Na nilikuwa nimeshaongea na Gachanja, dereva wa lori la stoo yetu, ambaye hupeleka mahindi Nairobi na kurudi bila mzigo, akaniambia atanibebea kwa bei ya kurudi, nusu ya ile ya kawaida, mradi vitu viwe barabara kuu saa sita mchana siku ya Ijumaa kwa sababu yeye haingii Karagita.

Basi Ijumaa, akina mama wote wakiwa kazini ndani ya grinihausi za maua, nikatoa vitu, mimi na Kiarie, keyateka anayetunza ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Ukiwa bila watu ndiyo unajua kitanda kina uzito gani. Nililipa boda boda safari tano mpaka barabarani, nikalipa vijana wa stendi kupandisha kabati, wakalipandisha kwa pupa kioo kikapasuka, na Rongai tukapata mvua nikalipa wengine kushusha, tena hao waliniona nimenyeshewa wakaongeza bei. Nikija kujumlisha, ile nafuu ya lori ilikuwa imeisha yote.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikaanza kulia. Rahab. Nikaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza, ikalia tena, nikaizima. Kilichotokea huko nimeambiwa na Kiarie. Walikuja watu kumi na tisa, na pikapu ya ndugu yake Rahab, mafuta yameshawekwa kwa pesa ya kikundi, na ndani ya pikapu kulikuwa na sufuria ya githeri, yaani mahindi na maharagwe, chapati zimefungwa kwa leso, thamosi nne za chai, mpaka sahani. Kumbe baada ya yale ya Linah walikubaliana kwamba anayehama asipike tena, na walikubaliana hivyo kwa mkutano ule ule mimi nilioukwepa. Chakula nilichokikimbia kilikuwa kimeshapikwa, Shangazi!

Majirani wakaanza kusema nimetoroka kodi, maana kwetu ukihama watu wakiwa kazini hakuna maana nyingine. Kiarie akasema hapana, amelipa mpaka ya mwezi huu. Naye Rahab akasema, "Huyu namjua. Akienda hivyo ana sababu yake." Wakagawia watoto wa ploti chakula, wakaingia kwa kile chumba changu kitupu wakakifagia, wakaniombea, wakaenda.

Yaani walifagia, Shangazi. Mimi nilikiacha na takataka.

Jumanne Gachanja akasimamisha lori kwa stoo akaniita, akanishushia gunia. Rahab alikuwa amepata namba yake kutoka kwa Kiarie. Ndani kulikuwa na blanketi mpya nzito, na sufuria kubwa ya kupikia wageni, na karatasi yenye majina yao wote kumi na tisa, na chini Rahab ameandika, "Hii ni ya nyumba mpya. Kama umechoka usisumbuke kujibu." Nilikaa juu ya gunia la mahindi la watu nikalia mpaka mwajiri akauliza kama nimefiwa.

Sasa ni wiki ya tatu sijapiga. Natamani sana kusema asante lakini asante haiwezi kutoka kabla ya samahani kutoka. Nimefikiria nimtumie Rahab pesa ya chakula chao kwa simu. Nimefikiria niseme dereva alinigeuzia siku. Mwenzangu wa hapa kazini ananiambia nibadilishe laini ya simu nianze upya, watasahau. Blanketi sijaifungua, tunajifunika ile ya zamani, na mtoto anauliza kila siku, "Mama, tutaenda lini kuona kina Rahab?" Nimpoteze huyu mtu kweli? Nisaidie tafadhali.

Ni mimi, Niliyehama Ijumaa, Rongai.

SHANGAZI TABBY ANAJIBU:

Wewe Uliyehama Ijumaa, wueh! Umefanya nikaacha chai yangu ikapoa.

Kwanza pokea pole yangu, na ninaitoa kwa moyo. Najua hofu ya mtu ambaye anaona wageni wakija na unga umebaki chini ya debe. Hofu hiyo haina kiburi ndani yake, ni ya mama anayehesabu sahani akianza na ya mtoto. Kuhama ni ghali, na hakuna anayekulaumu kwa kutafuta nafuu.

Tena kwa upande wa lori ulitumia akili, nataka wasomaji wengine waige. Magari mengi yanapanda kutoka Mai Mahiu yakiwa matupu, na dereva afadhali apate kidogo kuliko kubeba upepo. Mlio na safari ya namna hiyo ulizeni stoo za nafaka na wauza viazi gari linarudi lini, na mhame katikati ya mwezi, mwisho wa mwezi kila mtu anahama na bei zinapanda. Kabati ambalo limechoka liuzeni huko huko mlipo, mpakie nguo ndani ya sufuria na vikombe ndani ya blanketi. Lakini mikono ya kupakia na kupakua msiikimbie, kwa sababu hapo ndipo pesa huishia, kama dada yetu alivyoona mvua ikimnyeshea na kabati lake la kioo kilichopasuka.

Sasa nikugombeze. Kuuliza si ujinga, mama! Ulikutana na Rahab kwa bomba, mmoja na mmoja, mtu aliyekufulia nguo ukiwa huwezi kuinama. Kwani angekufanya nini ukimwambia, "Rahab, nataka mje lakini sina cha kuwapikia"? Sentensi moja tu. Angekujibu hapo hapo kwamba githeri ni yao. Wewe ukaona rahisi kubeba kitanda kuliko kubeba hiyo sentensi. Na hukumdanganya adui, ulimdanganya mtu aliyesimama mbele ya ploti nzima akakutetea bila kujua anatetea nini.

Kuhusu mawazo yako. Pesa usitume. Ukimtumia Rahab pesa ya chapati utakuwa umemwambia kwamba upendo wake ulikuwa hoteli, na hapo atakasirika kweli, na mimi nitakuwa upande wake. Uongo wa dereva pia uache, Kiarie anajua ulianza kufunga vitu lini na Gachanja wa watu ana kazi yake ya kulinda. Na huyo anayekushauri ubadilishe laini, msalimie, mwambie hii safu ina mwenyewe.

Fanya hivi. Mpigie Rahab, si ujumbe, sauti. Mpate jioni akitoka kazini kabla hajawasha jiko. Mwambie ulimdanganya siku, mwambie uliogopa kuwapikia, mwambie umepokea blanketi na sufuria, umwombe msamaha. Ukimaliza nyamaza. Usianze kueleza habari ya sweta na dipositi, hiyo atakuuliza mwenyewe. Akiwa na hasira mwache awe nayo, ana haki, alifika kwa mlango akakuta chumba kitupu. Wengi wanafikiri mtu mwema hana haki ya kukasirika. Anayo, na mara nyingi hasira yake ikishatoka ndipo anakurudia.

Kisha Jumapili ya kwanza ukipata nafasi rudi Karagita na mtoto. Usiende na keki, usikope ili uonekane. Nenda na kilo chache za mahindi ya Rongai, usimame mbele ya wale kumi na nane wengine, uwashukuru kwa majina, karatasi unayo. Sema na ile ya chumba kufagiwa. Watu hushukuru kwa blanketi wakasahau ufagio. Na wakikuambia wanataka kuja kuombea nyumba na watakuja na chakula chao, chonde chonde usianze kubishana kwa aibu. Sema karibuni.

Blanketi nayo ifungue leo. Rongai kuna baridi, na haikununuliwa ikae ndani ya gunia.

Jambo la mwisho. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini kisa chenyewe siwezi kukibadilisha. Ni nani mwingine aliyehama Karagita siku ya Ijumaa akaletewa sufuria na lori la mahindi? Gazeti hili linasomwa huko, na Rahab atajijua kabla ya kufika aya ya pili. Ndiyo maana ninakutumia jibu hili kwa simu leo Jumatatu, na gazeti linatoka Alhamisi. Una siku tatu. Asikusome kabla hajakusikia.

Wako, Shangazi Tabby.

Jumatano usiku, ukurasa ukiwa tayari kwenda kuchapwa, nilipata ujumbe huu, na mwenyewe amekubali niuweke:

"Shangazi nimepiga jana. Nimesema yote vile uliniambia nikanyamaza. Halafu Rahab akaanza. Aki Shangazi amenigombeza mpaka kredi yangu ikaisha, na ilipoisha akanipigia yeye mwenyewe ndiyo aendelee kunigombeza. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nihame."