Simu Zinalala Mumbuni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, kutoka kwenye baridi ya huku ughaibuni, ambayo hata ile sweta uliyonifumia imeshindwa nayo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka uliimaliza mwenyewe, ama umewagawia tena nusu ya jumuiya? Na mbaazi, zilishika maua ama mvua ilizikimbia? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na ndiyo maana leo umeona bahasha badala ya kusikia sauti.

Ningekupigia, lakini nikikupigia unaweka spika, na sasa najua unaongea ukiwa wapi: kwa Musyoka kinyozi, na watu wamejaa kwenye benchi wakingoja kunyolewa na kusikiliza mambo yetu. Kwa hivyo barua hii anakuletea Wanza, yule nesi wa Masii anayekaa jengo moja na mimi. Amepata likizo. Tafadhali mpe chai kabla hujaifungua, kwa sababu ukishaisoma utakasirika, na chai yake utaisahau.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu ni gani, nami kila mara nimekujibu "ni ya kompyuta," ukaguna. Leo wacha nikueleze vizuri. Kila simu, hata hiyo mulika mwizi yako iliyofungwa na raba, inaongea na mnara ulio karibu nayo. Sisi tunapewa habari hizo bila majina: simu hii ililala karibu na mnara huu, asubuhi ikaenda kwenye mnara ule. Mahali simu inapolala, tunaandika kwamba ndipo mwenyewe anapolala. Halafu tunachukua ramani ya mji, tunaangalia maji ya mafuriko yanaweza kupita wapi, na tunasema hapa kuna watu wengi wa kuokolewa, hapa hakuna mtu. Nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Mwaka huu ilifika zamu ya Machakos, na nikajivuna ofisi nzima. Huko ni kwetu, niliwaambia, niachieni mimi.

Nilipofika kwenye bonde letu chini ya Mumbuni, kompyuta ikaonyesha jambo la ajabu. Asubuhi simu zinateremka bondeni kwa wingi. Jioni zinapanda, karibu zote, mpaka juu kwenye lami ya Mumbuni, na huko ndiko zinakolala. Mkubwa wangu, mama mmoja mpole anayekunywa maji ya moto bila majani ya chai, akaniuliza kama huko chini kuna kiwanda. Nikafikiri. Nikakumbuka uliniambia kwamba tangu maji yafike kwenye kizingiti chako, bonde limekuwa kimya. Nikajiambia basi watu wamehama, mmebaki wachache, na hao wanaoshuka asubuhi ni wa kuchota mchanga. Nikamjibu, "Ni watu wa mchanga. Hawalali huko." Nikalipaka bonde rangi ya kijani kwa mkono wangu, mimi niliyezaliwa hapo.

Unajua huwa nakupigia asubuhi nikienda kazini. Jumanne moja nilitoka mapema, nikaona nikusalimie jioni. Simu ikashikwa na mwanamume.

"Halo, Mwaitu?"

"Si mwaitu wako, ni Musyoka wa kinyozi. Mama ameshashuka. Simu iko kwa chaji, piga kesho asubuhi."

"Kwa chaji? Kwani kwake hakuna stima?"

Akacheka. "Stima gani, Kioko? Tangu ile mlingoti iangushwe na maji, huko chini ni koroboi tu. Mimi ndio niko na simu za bonde yote. Nimeziwekea plasta na majina ndio zisichanganyike. Droo mbili zimejaa, zingine ziko kwa dirisha."

"Na zote zinalala hapo kwako?"

"Sasa zilale wapi?"

Mwaitu, nilikaa chini kwenye ngazi za jengo na mfuko wa viazi mkononi. Watu wakanipita wakidhani ni mgonjwa. Hakuna aliyehama. Wanaoshuka asubuhi si watu wa mchanga. Ni nyinyi, mmetoka kuchukua simu zenu. Jioni zinazopanda ni simu peke yake, na wenyewe mnarudi kulala kando ya korongo.

Wacha niseme kwa heshima zote: nimekukasirikia. Kila nikikuuliza habari ya stima unaniambia, "Iko, mwana wakwa, iko." Iko wapi? Hukutaka niwe na wasiwasi. Haya, sikuwa na wasiwasi, na kwa sababu sikuwa na wasiwasi nimeandika kwamba bondeni hamna watu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo niliupata kwako, pamoja na kofi, siku nilipoficha jipu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe lilivyo. Ramani hiyo si ya kutundikwa ukutani. Waliotuagiza wataitumia kutuma ujumbe wa onyo mvua kubwa ikinyesha milimani, na kuamua wanaokimbia maji watajengewa wapi pa kujisitiri. Bonde likibaki kijani, hakuna ujumbe utakaotumwa huko. Na hata nikifaulu wakatuma, ujumbe utawaka ndani ya droo ya Musyoka, katikati ya mashine za kunyolea, na wewe uko chini umelala na goti lako. Siku hizi nikisikia mvua inagonga dirisha, hata hii ya kizungu isiyo na nguvu, naacha chakula nafungua kuangalia kama Machakos kunanyesha.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza mkubwa wangu kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Pole sana kwa mama yako. Lakini hiyo ni simu moja na kinyozi mmoja. Siwezi kubadilisha ramani ya mji kwa sababu ya kinyozi." Nikamwambia kinyozi huyo anajua watu wanalala wapi kuliko mnara wowote. Akasema basi nilete kitu cha kuonyesha, nyumba kwa nyumba, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo ramani inakabidhiwa. Halafu akaniuliza bila ukali kwa nini mimi mwenyewe nilisema ni watu wa mchanga.

Nikarudi mezani, nikaweka nukta moja nyekundu mahali nyumba yako ilipo. Nilipotoka kula nikakuta wenzangu wanaosafisha ramani wameifuta. Nikairudisha. Jioni ikawa imefutwa tena.

Ndiyo sababu nilikupigia siku ile nikikuomba uhesabu watu wa bonde, na unakumbuka ulivyonijibu mbele ya wateja wote wa Musyoka. "Kioko, wacha hiyo maneno. Wale walikuja na daftari wakauliza kila nyumba iko na watu wangapi. Haikumaliza mwezi tukaona X nyekundu ya kubomoa kwa milango. Wakijua tuko hapa watatutoa. Na watu mimi sihesabu, hiyo unajua." Ukakata simu. Nikasikia mtu kwenye benchi akisema, "Mama ako na ukweli."

Ni kweli uko na ukweli, na hilo ndilo linaloniumiza. Ukijulikana unafukuzwa, usipojulikana unazolewa na maji. Nimezunguka na hasira hii wiki mbili nikitafuta wa kumtupia. Mkubwa wangu anafanya kazi yake. Wenye rangi ya milango hawasomi barua zangu. Wewe ulinificha kwa mapenzi. Nikimaliza kuwataja wote nabaki mimi, niliyeona watu wa kwetu wakitembea kwenye kompyuta kila asubuhi nisiwatambue. Kama si mimi niliyekosea, ningesema ni ujinga wa wageni.

Kwa hivyo nakuomba, na ningekuwa hapo ningeomba nimepiga magoti. Kuhusu kuhesabu watu sitakulazimisha. Namkumbuka Susu, mama yako, alivyotufukuza na mwiko kwa sababu tulihesabu vifaranga wake kwa sauti, na jioni kipanga akachukua wawili, nasi tukalaumiwa mpaka alipoaga dunia. Lakini Susu hakukataza kuhesabu milango. Chukua lile daftari la jumuiya, wewe na jirani yako Mama Mutuku mkapite kutoka juu mpaka kwenye korongo. Jina la mtu usiandike. Andika mlango, na kando yake andika simu inalala wapi, ndani ama kwa Musyoka. Ni hayo tu. Wanza atapiga picha za kurasa anitumie, na daftari ubaki nalo wewe.

Siwezi kukuapia kwamba karatasi hizo hazitaleta tena watu wa rangi. Nimejaribu kutafuta namna ya kukuapia, nimeshindwa, na sitaki tufichane tena. Ninachojua ni kwamba mtu akija kukutoa utabishana naye, na kwa kubishana sijaona wa kukushinda. Maji hayabishani.

Wanza pia ana taa ndogo ya sola yenye waya wa simu. Ianike mchana juu ya bati la choo, jua likitua uitoe kabla kuku hawajaikalia. Usimpe mtu wa jumuiya. Hata Mama Mutuku usimpe, aje achaji kwako. Simu yako ilale kando ya kichwa chako, ikiwa imewashwa.

Na mpaka ramani ibadilike, nimepatana na Musyoka. Analala chumba cha nyuma ya kinyozi. Nimemwambia nikimpigia usiku kuhusu mvua, ama simu zikianza kulia nyingi kwa pamoja, asizime, ateremke. Akaniambia, "Niko na karai ya kuoshea watu kichwa. Nitapiga hiyo karai nikishuka mpaka itoboke." Basi ujue, ukisikia karai linapigwa, usiulize ni nani amelewa. Vaa viatu upande juu. Ofisi yetu yote na mashine zake, na anayeweza kukufikia ni kinyozi mwenye karai. Nilicheka nikalia.

Nisalimie kaka yangu Mutinda, anayeendesha lori la mawe huko Lukenya, na umwambie Jumapili moja apumzishe lori aje akuinulie kitanda kwa matofali. Nisalimie shangazi Ndunge wa Masii, muuza nguo za mitumba; koti alilonichagulia ndilo limeniweka hai. Msalimie Mama Mutuku, jirani mwema, na umwombe radhi kwa niaba yangu, kwa sababu yeye pia nilimfuta. Musyoka usimsalimie, atajua tumemzungumzia.

Mimi nipo. Kila asubuhi nikifika kazini, kabla sijavua koti, naiweka ile nukta nyekundu mahali pake. Leo nimeikuta imefutwa, nimeirudisha. Mkubwa ameniona, akapita na kikombe chake cha maji ya moto. Lakini nukta moja wanasema ni kosa la mkono, Mwaitu, zikiwa nyingi ndipo watasema ni watu. Hesabu milango. Anza na wako.

Mwanao,
Kioko