Usipokee Kitu Mkononi mwa Wifi

Mtaa wa Wafua Visu,
Istaravshan.
Tarehe 4 Machi.

Mpendwa Shangazi Savriniso,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Chelyabinsk haijakurudia magotini. Bado unayakanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo, au umeacha kwa sababu majirani wa ghorofani wanalalamikia harufu? Usiache. Waache walalamike. Watoto je? Mdogo ameshaanza kusema lugha yetu, au bado anakujibu Kirusi?

Sisi hatujambo, ukiacha mtulinga mmoja wa bega uliovunjika, mikono miwili iliyoungua na paji la uso la Kaka Firuz. Mama ni mzima kabisa. Anasema hiyo ni dalili kwamba Mungu huwatazama wasioshiriki ujinga.

Usishangae mwandiko, si wangu. Anayeandika ni Mavjuda, mke wa Kaka Firuz, maana mikono yangu imefungwa bendeji mpaka viwikoni. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha aandike neno kwa neno hata pale ninapomtukana. Ameapa, kwa sharti moja: nikidanganya, atie neno lake kwenye mabano. Nimekubali kwa kuwa sina la kufanya.

(Nakusalimu kwa heshima, Shangazi. Ni mimi Mavjuda. Ameshadanganya: bendeji hazifiki viwikoni.)

Unajua nyumba zetu zilivyo. Bibi harusi akivuka kizingiti, fagio hubadili mkono siku hiyo hiyo. Tangu Mavjuda aolewe hapa sikufagia ua, sikukanda unga, sikumkamua ng'ombe. Nilisoma. Nilikaa na vitabu vyangu vya historia karibu na jiko la makaa, yeye akipita na ndoo, na nilikuwa nikinyanyua miguu ili afagie chini yake. Sikuona ubaya. Nilidhani hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa, na kwa bahati nzuri ilikuwa imepangwa upande wangu.

Mwaka huu mpango umevurugika. Mtihani wangu wa kuingia shahada ya pili utafanyika Dushanbe wiki ile ile ya usafi wa Navruz, mwaka mpya wetu. Usafi huo huhitaji kuelezwa: mazulia yote nje yapigwe fimbo, magodoro yafumuliwe, sufu ifuliwe na kuchambuliwa, kuta zipakwe chokaa. Wiki hiyo hiyo Mavjuda alitaka kwenda kwao Panjakent. Hajalala kwa mama yake tangu harusi. Mama akasema neno moja tu: "Nyumba haijisafishi. Mmoja aende, mmoja abaki. Amueni wenyewe, na mkishindwa kuamua nawabakiza wote."

Tuliamua kwa mfupa. Siku ile Firuz alichinja jogoo, na kwenye sahani kikabaki kile kimfupa cha kifua chenye umbo la panda ya manati. Mavjuda akashika ncha moja, mimi nyingine, tukavuta mpaka kikavunjika. Kuanzia hapo, atakayepokea kitu chochote mkononi mwa mwenzake bila kutamka "Ninakumbuka" ameshindwa. Masharti haya unayajua, wewe ndiye uliyenifundisha, lakini nayasema ili yaandikwe kwa mkono wake mwenyewe asije akayapindua. Aliyeshindwa anachukua kazi zote za nyumba mpaka Navruz. Aliyeshinda anaondoka.

Nilidhani ni mchezo wa siku moja. Yeye ana shughuli elfu, nikasema atasahau kabla ya chai ya jioni. Shangazi, yule mwanamke hasahau. Nilimpa mtoto wa jirani ambebe: "Ninakumbuka." Nilimpa taulo akiwa na sabuni machoni: "Ninakumbuka." Akanitupia jicho lake moja jekundu na kuniambia, "Msomi, huna akili nyingine?"

Ndipo tukaacha kupeana vitu. Kitu kikihitajika, kinawekwa chini au kinarushwa. Mkate tu ndio uliokuwa na amani, tuliuweka kwenye kitambaa cha chakula kwa mikono miwili, tukaubusu, kisha tukaendelea kurushiana mengine. Mabakuli ya chai yaliruka. Vitunguu viliruka. Mwiko uliruka na kunipata sikioni, na nikasikia kengele mpaka jioni. Mimi nilirudisha kwa kiatu cha mpira cha Firuz, chenye matope, nikampata mdomoni. Damu ikatoka kidogo kwenye meno. Akaipangusa, akaitazama, akatabasamu. "Kumbe una mkono," akasema. "Na miaka yote hii naambiwa mikono yako ni ya kushika kalamu tu."

Nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia Mama. Kile kiatu kilipompata, nilifurahi. Si furaha ya mchezo. Ilinipanda kutoka tumboni, ya moto, na nikatamani kurusha kingine. Mimi ninayesoma juu ya vita na kuandika pembeni kwa penseli, "Kwa nini hawakuzungumza?" Sasa ninajua kwa nini hawakuzungumza. Kuzungumza hakuna mlio.

(Na mimi nilifurahi na mwiko.)

Birika lilikuwa kosa. Aliniambia mbele ya Mama kwamba nitafeli hata nikienda, kwa sababu maprofesa watasikia harufu ya uvivu kabla sijafungua mdomo. Nikalirusha birika. Lilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Mavjuda akainama. Firuz alikuwa anaingia mlangoni akisema, "Mpenzi, chakula ki…" na hakumaliza. Alikaa chini taratibu kama mgeni aliyekaribishwa, damu ikimtiririkia kwenye nyusi. Akashonwa hospitali. Daktari alipomuuliza nani amempiga, alijibu, "Wanawake wa nyumbani kwangu wanaamua nani afue sufu." Daktari hakuandika kitu.

Mama akatuita sote wawili. "Nimezaa msomi," akasema, "nikamwozea mwanangu mpole mke, na leo nina mabondia wawili na mgonjwa mmoja. Endeleeni. Mkimalizana nitaleta bibi harusi mwingine na mtoto wa kuasili." Akachukua sufu yake ya kusokota, akahamia kwa jirani mpaka jioni. Siku hizi huenda huko kila siku.

Mwezi uliopita theluji ilianguka sana, na unajua dari zetu za udongo haziwezi kungoja. Tulipanda juu, kila mtu na beleshi lake. Tulifanya kazi vizuri, hata tukacheka, mpaka Mavjuda akakanyaga barafu. Aliteleza kwa tumbo mpaka ukingoni, akabaki ananing'inia kwa vidole, miguu inapiga hewa. Nilikimbia nikamnyooshea mpini wa beleshi. Akautazama ule mpini. Akanitazama mimi. Shangazi, chini yake palikuwa na rundo la kuni, vidole vyake vilikuwa vyeupe, na yule mwanamke akavuta pumzi kwanza akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Ninakumbukaaa!" Kisha akaushika. Hapo beleshi likateleza.

(Halikuteleza. Liliachiwa.)

Basi, liliachiwa. Sikupanga. Nilipolisikia lile neno, vidole vilifunguka vyenyewe, kama vile mtu mwingine ndani yangu amechoka kusubiri. Alianguka kwenye kuni kwa mlio ambao bado ninausikia nikifumba macho. Mtulinga ukavunjika. Nilishuka ngazi nikilia, nikampigia magoti kwenye theluji, nikamwambia, "Wifi, nisamehe, wifi, sema neno." Akasema, "Ng'ombe hajakamuliwa. Leo ni wewe."

Hivyo kazi zote zikawa zangu bila mimi kushindwa. Sikufungua kitabu siku nyingi. Nilikamua, nilichota, nilifagia theluji, nilikanda unga mpaka mabega yakawa kama yamepigwa rungu. Naye alikaa juu ya magodoro, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa shali, akinielekeza kwa kidevu. "Pale kwenye kona, msomi. Historia imebaki pale kwenye kona." Alikuwa na haki. Ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilipokuwa nainama na lile fagio fupi, nilijua kuwa nikikosa mtihani huu sitapata mwingine, nitaolewa, na kwenye nyumba ya watu kutakuwa na fagio kama hili likinisubiri nyuma ya mlango, na msichana fulani karibu na jiko akininyanyulia miguu. Sikuwa napigana na Mavjuda. Nilikuwa napigana na fagio.

(Lakini aliyeanguka ni mimi. Fagio ni zima.)

Sasa mikono. Ijumaa iliyopita nilikuwa naoka. Tanuri lilikuwa limewaka sana, moshi ukanijaa kooni, nikakohoa mpaka machozi. Mikate ilikuwa imeshika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri, na mmoja ukaanza kulegea uangukie makaani. Kile kimto cha kuvaa mkononi sikukiona. Mavjuda alikuwa nacho, amekaa kando yangu, amekinyoosha kwa mkono wake mzima. Anasema ni kwa wema. Nilitaka kukipokea. Nilifungua mdomo niseme "Ninakumbuka", haikutoka hata nusu ya neno, ni kikohozi tu. Nikajaribu tena. Kikohozi. Mkate ukazidi kulegea. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkate ukianguka majivuni, nyumba nzima inaulizwa na Mungu. Nikaingiza mikono mitupu. Nikautoa. Ukafuata wa pili, nikautoa na huo.

Mavjuda aliacha kimto, akanikamata shingoni kwa mkono mmoja kama unavyomkamata mbuzi, akanisukumiza kwenye pipa la maji, mikono na kichwa. Nilimpiga teke. Akanizamisha tena. Alikuwa analia kuliko mimi. "Mpumbavu!" akapiga kelele. "Si ungekipokea tu? Ungeshindwa tu, mpumbavu wewe! Ungekufa?" Nilipopata hewa nikamjibu kwamba ndiyo, ningekufa.

Kwa hiyo wote wawili tumekwepa kazi za nyumbani, na kwa ushindi mkubwa. Tunalala juu ya godoro moja, yeye na bega lake, mimi na mikono yangu. Kaka Firuz, mshono kwenye paji la uso, anafanya yote. Anafagia ua giza likiingia ili majirani wasimwone, naye anapiga chafya hivi kwamba mtaa mzima unajua. Jana alipika pilau ambayo juu ni mbichi na chini ni makaa. Amenuna. Ametuuliza kila siku huwa tunafanyaje haya yote. Mavjuda amemwambia, "Kwa mikono, mpenzi."

Mavjuda ananisomea. Aliacha shule darasa la tisa, lakini anasoma kwa sauti kama anayegombana na kitabu, na nikikosea jibu ananipiga kofi gotini. Mtihani ni wa mdomo, tarehe kumi na saba. Daktari anasema bendeji zitafunguliwa wiki ijayo. Tatizo ni moja tu, nalo ndilo sababu ya barua hii: hakuna aliyeshindwa, Mama hajabadili neno lake, na basi la Panjakent na gari la Dushanbe vyote vitaondoka bila sisi. Tunakuomba wewe uliye mbali uamue. Mpigie Mama, mwambie nani aende. Nitakubali utakalosema. Yeye pia ameapa kukubali.

(Nimeapa.)

Nisalimie watoto wote, na mumeo, na yule mama wa Khujand anayekufanyia maandazi. Mama anakusalimu. Firuz anakusalimu na anauliza kama huko kuna kazi ya udereva. Mungu akulinde na barafu ya njiani, akupe magoti mepesi, akurudishe kwetu majira ya zabibu. Jina langu nitaliandika mwenyewe. Vidole viwili vimechomoza kwenye bendeji, vinatosha.

Mtoto wako asiyepungua kukupenda,

Mehriniso

Shangazi, usimpigie Mama. Ni mimi Mavjuda. Ili aandike jina lake hapo juu nilimwekea kalamu kati ya vile vidole viwili. Ameipokea mkononi mwangu, ameandika jina lake lote polepole, ameuma ulimi, na hakusema. Nilimngoja mpaka nukta ya mwisho. Kisha nikamwambia: mimi ninakumbuka, wewe umesahau.

Naenda kwa mama yangu. Kazi zote ni zake mpaka Navruz, na zulia kubwa alipige yeye, si Firuz. Lakini masharti hayakusema alale hapa kila siku. Asubuhi ya tarehe kumi na saba Firuz atampeleka Dushanbe na kumrudisha, hata kama ana chokaa kwenye nywele. Firuz bado hajui. Akifaulu, atanifundisha hiyo historia yake, maana nimeshasoma nusu na nataka kujua waliishaje.

Naacha hapa. Ananipiga mgongoni kwa zile bendeji, na bega langu halijapona.