Jagi ya Mama Mkwe Iliachia Kitako

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijakosana na mama mkwe wangu. Mimi ni Wavinya wa Mitaboni, niko na mtoto wa mwaka mmoja, na huyu mama tunaishi na yeye vizuri sana, ndiye alininunulia jagi ya umeme ya plastiki ya kuchemsha maji ili nisiwe napuliza kuni na mtoto mgongoni, nikafurahi, ila maji yalikuwa yananuka plastiki hadi kwa chai, nikanyamaza. Juzi asubuhi aliiinua amimine maji, kitako kikaachia, maji yote moto yakamwagika chini pale mtoto alikuwa anacheza, na kama dadangu Mueni hangekuwa ametoka tu kumbeba ambadilishe nepi, sijui leo ningekuwa naandika nini. Nilimshika mtoto miguu nikaiangalia mara mbili mbili, nikalia. Hakuna aliyeungua. Lakini mama mkwe, mwaitu ninavyomwita, yaani mama, alinunua gundi akabandika kitako, akaniambia, "Sasa iko sawa, mwanangu." Tangu hapo nimeficha waya, nasema tokeni za stima zimeisha. Nikiikataa zawadi yake si ataona namdharau?

Wavinya, pole, na umshukuru Mungu pamoja na huyo Mueni. Sasa acha mchezo. Waya uliofichwa hupatikana, na gundi haiwezi maji yanayochemka. Hiyo harufu nayo, ulinyamazia nini? Jagi yoyote ikizidi kunuka hata baada ya kuoshwa, mtoto hanywi maji yake, na wewe pia.

Nilipiga namba uliyoacha nijue mtoto anaendeleaje. Akashika mama mkwe wako. Niliposema mimi ni nani, akauliza moja kwa moja, "Ni Wavinya ameandika, ni ile jagi?" Mimi sijui kudanganya. Akashusha pumzi. "Mimi hata sitaki kuiona. Nilibandika tu asione nimempa kitu kibovu. Nilifurahi sana stima ilipoisha."

Basi mnaogopeana bure! Itupeni hiyo jagi, na waya mkate kabisa, asije mtu akaiokota kwa takataka akaitumia. Chemsheni kwa sufuria, mbali na mtoto. Mkinunua nyingine, iwe ya chuma ndani, inayojizima yenyewe, na ikae katikati ya meza, waya usining'inie.

Nenda jikoni sasa, mwambie, "Mwaitu, niliogopa." Yeye anangoja tu uanze.