Vita Mezani Kwangu

Shemeji,

Salamu baadaye, kwanza meza yangu. Tangu ugombane na kaka yako katikati ya mchezo wenu wa vita kwa sababu ya dadu moja ukaondoka umenuna, huu mwezi wa nne, viaskari vyenu vya bati vimejipanga pale pale na mikuki yao, vikipigania wafalme waliokufa miaka mia tano iliyopita, na sisi tunakula tumepakata sahani. Nikigusa hata farasi mmoja kaka yako anafoka, "Acha! Ni zamu yake!" yaani yako wewe. Kazi yangu ni kuvifuta vumbi kimoja kimoja, kama yaya. Watu wazima na ndevu zenu!

Juzi alikaa dirishani kutwa nzima akikipaka rangi upya kikosi chako cha farasi, eti ukirudi ukikute kinang'aa. Akaniita: "Wekundu huo unauonaje?"

Shemeji, alikuwa amewapaka kijani.

Nikamwambia umekolea. Daktari anasema ni macho yote mawili, na hayatapona.

Basi njoo ucheze zamu yako, angali anaweza kuona kwamba umemshinda.

Ni mimi shemeji yako, niliyeandika haya mapajani kwa kukosa meza.